Chachu ya ng'ombe si muujiza: kwanza tazama kama anacheua

Ikiwa wewe ni mmoja wa wale wanaofanya kazi Nairobi huku ng'ombe wao wa gredi wakibaki nyumbani Kiambu, Nyeri au Kakamega, makala haya ni yako. Na kama huna ng'ombe ila hununua maziwa ya chai kila asubuhi, usifungue ukurasa mwingine. Yanakuhusu pia.

Siku hizi ukiingia katika duka la dawa za mifugo, utaonyeshwa pakiti ya unga wenye vijidudu ambao, kwa maneno ya muuzaji, humsaidia ng'ombe kusaga chakula tumboni. Ataapa kwamba maziwa yataongezeka maradufu. Nilimwamini mmoja wao, nikajuta. Hata hivyo siandiki ili kuupinga unga huo. Ninachopinga ni jinsi unavyouzwa.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilimpigia simu kijana anayenitunzia ng'ombe, nikamwambia maziwa yamepungua, amwongezee chakula cha dukani. Alitii. Badala ya mkebe mmoja kila anapokamua, akampa mitatu. Siku ya tatu ng'ombe alikuwa anahara, amekataa nyasi, na maziwa yameshuka zaidi. Nikakimbilia dukani, nikauziwa pakiti ya chachu. Haikusaidia kitu.

Daktari wa mifugo alipofika aliuliza swali moja: "Huyu alicheua lini mara ya mwisho?" Hakuna aliyejua.

Shamba lililo tumboni

Ng'ombe hawezi kuvunja nyasi peke yake. Tumbo lake lina sehemu nne, na ile ya kwanza huweza kubeba zaidi ya lita 100. Humo wanaishi bakteria na viumbe wengine wadogo, mabilioni katika kila kijiko. Hao ndio wanaovunja nyuzinyuzi za nyasi na mabua, na kumpa ng'ombe nguvu na protini ya kutengenezea maziwa. Unapomlisha ng'ombe, unawalisha wao kwanza.

Lakini wavunja nyasi hawa hawapatani na asidi. Nafaka nyingi zikiingia kwa mpigo, huchacha upesi na asidi hupanda. Kinga ya ng'ombe ni mate yake, ambayo yana chumvichumvi inayofanya kazi kama magadi. Anapocheua huyameza, lita 100 au zaidi kwa siku. Asipocheua, asidi humshinda. Hayo ndiyo yaliyompata ng'ombe wangu.

Chachu inayouzwa ni ya jamii ya hamira ya mkate, Saccharomyces cerevisiae. Ikiwa hai, hutumia ile oksijeni kidogo inayoingia na chakula, ambayo huwadhuru bakteria wavunja nyasi. Tena huwasaidia bakteria wanaopunguza asidi. Kwa ufupi, hutuliza tumbo. Majaribio mengi yameonyesha faida, lakini ni ya wastani: kama lita moja ya ziada kwa siku au chini ya hapo, na wapo ng'ombe wasioongeza lolote. Anayekuahidi maradufu anakudanganya.

Kwamba kijidudu chaweza kumfaa ng'ombe si uongo. Huko Australia, ng'ombe waliolishwa majani ya lusina walidhurika kwa sumu ya mti huo, ilhali mbuzi wa Hawaii waliyala bila taabu. Katika miaka ya 1980 wanasayansi walichukua bakteria kutoka kwa mbuzi wa Hawaii, wakawatia matumboni mwa ng'ombe wa Australia, nao wakaanza kula lusina salama. Lakini angalia: tatizo lilijulikana, na bakteria wa kulitatua alijulikana. Je, pakiti uliyonunua wewe inatatua tatizo gani?

Na wewe mnywaji wa chai

Ng'ombe akiugua, wapo wanaomdunga antibiotiki na kuuza maziwa siku iyo hiyo, bila kungoja siku zilizoandikwa kwenye dawa. Usidhani kuchemsha kunatosha kuondoa mabaki hayo. Mtu asiyepatana na penisilini anaweza kudhurika, na viini vya magonjwa huzoea dawa tunazozitegemea hospitalini. Ukiona maziwa yamekataa kuganda kuwa mala, jiulize sababu.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kutumia antibiotiki kukuzia mifugo kuanzia Januari 1, 2006. Hiyo ni sababu moja iliyofanya chachu na vijidudu vyema vitazamwe kwa matumaini. Ng'ombe asiyeumwa tumbo hahitaji sindano, na asiyedungwa hatii dawa katika chai yako. Hapo ndipo ninapoiunga mkono chachu.

Lakini haiwezi kufuta uzembe. Mahindi yenye ukungu bado ni sumu. Mwaka 2004 sumu ya ukungu katika mahindi iliua watu 125 katika eneo la Ukambani. Ng'ombe akilishwa mahindi ya namna hiyo, sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi.

Kwa hivyo nashauri hivi. Kwanza mpe nyasi za kutosha, zikiwemo zilizokauka, na maji safi wakati wote. Chakula cha dukani kigawe mara kadhaa kwa siku, na ukitaka kukiongeza, fanya hivyo polepole kwa muda wa wiki mbili au tatu. Haraka haraka haina baraka. Baadaye, ukitaka chachu, soma pakiti: imetaja jina la kijidudu, idadi ya vilivyo hai na tarehe ya mwisho wa matumizi? Kama ilikuwa imeanikwa juani mlangoni pa duka, huenda unanunua chachu iliyokufa. Isichanganywe na maji moto, na ng'ombe apewe kila siku, si siku unayokumbuka.

Halafu andika lita kila anapokamuliwa, kabla ya kuanza na baada. Mali bila daftari huisha bila habari. Usipoona tofauti baada ya miezi miwili, okoa pesa zako.

Ng'ombe wangu alipona kwa nyasi kavu, dawa ya kupunguza asidi na subira. Siku hizi nikipiga simu nyumbani, siulizi kwanza ni lita ngapi. Nauliza kama amelala chini anacheua. Jaribu kuuliza hivyo leo jioni.