Usiuze Celica kwa Sababu ya Ngozi ya Gia!

Wiki hii tuache kidogo habari za nani kamwacha nani, tuingie ndani ya mchuma. Nikisema ndani nina maana ndani kabisa, pale kati ya siti mbili za mbele, kwenye mkono wa gia. Pale ndipo gari kuukuu linapotoboa siri. Rangi utapiga upya, rimu utabadili, lakini ile ngozi inayozunguka gia ikishachanika na kirungu kikaota upara, hata mtoto wa chekechea anajua mchuma umekula chumvi.

Hapa Sumbawanga ninaye mshikaji aliyerithi kwa baba yake mdogo Toyota Celica ya mwaka 1984. Wapenzi wa mbio za magari wanaukumbuka mwaka huo. Ndio mwaka ambao Björn Waldegård wa Sweden alishinda Safari Rally kule Kenya akiwa na Celica. Mwaka 1985 akashinda Juha Kankkunen wa Finland, Celica tena. Mwaka 1986 Waldegård akarudia, Celica tena! Ya mshikaji wangu si ya mashindano, lakini sura ni ya ukoo uleule. Ikipita mjini, vijana wa kijiweni shingo zinageuka zenyewe.

Sasa kasheshe. Januari ilikaribia, binti yake wa kwanza amepangiwa shule, na mfukoni pameota ukungu. Wakakaa yeye na shemeji yangu wakakubaliana mchuma uuzwe. Mnunuzi akaja kutoka Mbeya, kijana nadhifu, miwani myeusi. Akazunguka gari, akafurahi. Akaketi, akashika gia. Kirungu kikatoka mkononi kama kizibo cha chupa! Alipousukuma mkono wa gia, vumbi likapuliza kutoka chini kupitia mpasuko wa ngozi. Jamaa akavua miwani, akakata laki sita palepale.

"Gari imechoka, bro," akasema.

Mshikaji alikuwa tayari kukubali. Shemeji ndiye aliyekuja kwangu mbio: "Shemeji, laki sita kwa kipande cha ngozi? Hata ng'ombe mzima wa hapa Ufipa unampata!" Nikamwambia shemeji, mwambie huyo bwana mkubwa asisaini kitu, anipe siku mbili.

Hebu tuelewane kwanza. Ile ngozi siyo pambo tu. Kwenye magari ya zamani ya aina hii, yanayosukumwa na matairi ya nyuma, mkono wa gia unapanda moja kwa moja kutoka kwenye gia boksi, umepenya tundu la sakafu. Juu kuna ngozi ya kupendeza, chini yake kuna mpira mnene unaoziba tundu lenyewe. Mpira ukipasuka, mnakaribisha joto, kelele, harufu ya oili na vumbi. Na vumbi la Ufipa wakati wa kiangazi mnalijua wenyewe. Ukishaiacha lami ya Tunduma ukashika njia ya vumbi, unafika na nyusi nyekundu. Kirungu kilicholegea nacho si mchezo. Unashuka mteremko wa Ntendo kwenda Muze, unataka kurudi gia ya pili, unabaki umeshika kirungu kama mwenyekiti wa chama. Hapo utaita majina ya babu zako wote.

Tulivyofanya ni hivi. Kirungu kinafunguliwa kwa kuzungushwa kinyume cha saa. Kisha unanyanyua kile kibao cha plastiki kinachozunguka gia, taratibu, maana plastiki ya miaka arobaini inavunjika kama biskuti. Ngozi ya zamani usiitupe! Ifumue mishono, vile vipande ndivyo vipimo vyako. Tukavipeleka kwa fundi viatu, kijana mdogo tu mwenye cherehani ya kushonea ngozi. Akachagua ngozi laini ya mbuzi iliyokwisha kutengenezwa. Ngozi mbichi usiithubutu, itakauka iwe ngoma, na harufu yake itamfukuza hata mchumba.

Fundi akashona kwa uzi wa nailoni, mishono miwili miwili. Kabla hajafunga mwisho tukairudisha garini, tukapita gia zote, pamoja na rivasi. Hapo ndipo wengi wanapochemsha. Ngozi ikiwa fupi inauvuta mkono wa gia, na gia inaweza kuchomoka yenyewe ukiwa safarini. Mpira wa chini ulikuwa umekwisha, tukapata mwingine kwa wauza spea chakavu. Kirungu nacho usikinunue kwa macho. Nyuzi zake zinatofautiana gari na gari, kwa hiyo beba cha zamani dukani, wakufananishie.

Gharama yote haikufika laki moja. Na pesa ile ilibaki hapahapa mjini, kwa fundi ambaye wengi wanampelekea kandambili tu. Watu wanasahau kwamba Wafipa walikuwa wafua chuma wa kuogopwa zamani, wakijenga matanuru ya udongo marefu kuliko mtu na kuyeyusha chuma cha majembe. Leo kijana akichakaza kitu kidogo anasema lazima kiagizwe Dar. Kwa nini?

Mnunuzi wa Mbeya aliporudi, akashika gia, akaipandisha, akaishusha. Kimya, laini. Akatafuta la kusema akakosa. Akalipa bei ya kwanza bila kukata hata shilingi.

Binti yuko shule, ada imelipwa na godoro limenunuliwa. Mshikaji wangu sasa anapanda bodaboda, na asubuhi za Juni hapa kwetu, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, upepo wa bodaboda si rafiki wa mtu. Juzi nikamuuliza kama anajuta. Akafikiri, akasema, "Kuiuza sijuti. Ila wiki ile ya mwisho nilikuwa nashuka kwenda kununua kiberiti kwa gari, ili nibadili gia tu."

Shemeji akacheka mpaka akashika mlango.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuuza mchuma wako, kabla hujampigia mnunuzi simu, kaa kwenye siti ya dereva na ushike kila kitu ambacho mkono wake utashika. Gia, usukani, kitasa cha mlango. Kilicholegea kikaze, kilichochanika kishonwe. Mnunuzi anasikiliza maneno yako, lakini bei anaipanga kwa vidole.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.