Tusiulize komanda ni mtu wa nani, tuulize anafanya nini

Kila mara Kinshasa inapotangaza jina la mkubwa mpya wa polisi, wasikilizaji wananiuliza swali moja: "Huyu ni mtu wa nani? Ametoka jimbo gani?" Ndugu zangu wa Kibombo, na ninyi mliokimbia vita mkafika kwetu, leo nasema wazi: swali hilo linatupoteza njia.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 183, inasema polisi ya taifa haina siasa. Iko kwa ajili ya taifa la Kongo, na hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuigeuza chombo chake. Lakini wakubwa wote wa polisi wanawekwa na rais. Tukipima kwa aliyewaweka, wote ni "watu wa mtu", na hapo tumeshamaliza kufikiri.

Kumbukeni Floribert Chebeya, mtetezi wa haki za binadamu. Tarehe 1 Juni 2010 alikwenda makao makuu ya polisi Kinshasa, alikoitwa. Kesho yake alikutwa amekufa ndani ya gari. Dereva wake, Fidèle Bazana, hakurudi nyumbani. Mkuu wa polisi alikuwa jenerali John Numbi, na nchi nzima ilijua yuko karibu na rais Kabila. Je, kujua hivyo kulimwokoa Chebeya? Hapana. Numbi alisimamishwa kazi, lakini katika kesi ya 2011 alifika kama shahidi, si mshitakiwa. Mwaka 2018 alipewa cheo kikubwa jeshini. Shida ilikuwa kwamba hakuna aliyeweza kumwuliza hesabu.

Basi tupime kwa matendo. Kifungu cha 26 kinasema wanaotaka kuandamana wanaijulisha serikali kwa maandishi. Kujulisha, si kuomba ruhusa! Kinasema tena kwamba hakuna mtu wa kulazimishwa kuandamana. Komanda anayefungulia njia maandamano ya chama kinachotawala, kisha akarushia gesi maandamano ya wapinzani, ameshatuonyesha chama chake, hata kama hana kadi.

Tarehe 31 Desemba 2017, Wakatoliki walipoandamana kumpinga Kabila, gesi ya machozi iliingia hadi parokiani. Tarehe 20 Mei 2023, chini ya Tshisekedi, wapinzani waliandamana Kinshasa juu ya maisha magumu, na polisi ikawapiga. Hata mtoto alipigwa. Polisi watatu walikamatwa. Ni vizuri. Lakini wakubwa wao walijibu nini? Na wale waliopiga kelele mwaka 2017, mbona wengi walinyamaza 2023? Tukitaka polisi isiyo na upande, sisi wenyewe tuache kushangilia fimbo inapomwangukia jirani.

Wengine watasema: "Lakini ukabila katika vyeo upo." Ni kweli, na vyeo vikigawiwa upande mmoja tuseme bila woga. Ila angalieni hatari. Anayemhukumu komanda kwa asili yake, kesho atamhukumu mama mkimbizi kwa lafudhi yake. Atamwambia kwenye bariyeri: "Wewe unatoka kule kwa waasi, toa pesa." Mama huyo hana chama hapa, hana mjomba ofisini. Ngao yake ni polisi anayefuata sheria ile ile kwa wote. Kama komanda hamlindi huyo, msiniambie hana upande.

Kwa hiyo mkiona polisi imependelea, msiniletee kabila la komanda. Nileteeni siku, saa, mahali, na nani alitoa amri. Hayo tunaweza kuyauliza kwenye mikro mbele ya mkubwa yeyote, naye atalazimika kujibu. Uchaguzi wa 2028 hauko mbali. Tuanze kuandika sasa.