Kiungo pepe hakitaiokoa Bamba

Leo tuongee ruta kidogo. Kazi yangu ni kuandika programu, lakini programu isiyomfikia mtumiaji ni kazi bure, kwa hivyo habari za njia za data zinanihusu pia.

Chukua mfano wa Ganze, hapa Kilifi. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, ila kupandisha mtandao kutoka pwani kwenda bara ni kazi nyingine. Tuseme unaunganisha shule na zahanati kwa OSPF. Kilifi mjini umepaita eneo 0, yaani uti wa mgongo. Kilifi hadi Ganze ni eneo 1. Ganze hadi Bamba ni eneo 2. Unawasha mitambo, Kilifi haiioni Bamba. Kulikoni?

Sheria ya OSPF ni kwamba kila eneo liguse eneo 0. Ndani ya eneo moja kila ruta ina ramani kamili. Baina ya maeneo hupita muhtasari tu, na muhtasari huo hupitia uti wa mgongo ili data isizunguke bila kufika. Eneo 2 linagusa eneo 1 peke yake, basi limetengwa.

Dawa ya haraka ni kiungo pepe. Kwenye ruta ya Cisco iliyoko Kilifi unaandika:

area 1 virtual-link 2.2.2.2

Na kwenye ile ya Ganze:

area 1 virtual-link 1.1.1.1

Namba hizo ni vitambulisho vya ruta zenyewe. Eneo 1 lisiwe la aina ya stabu. Na kama eneo 0 linadai nywila, ruta ya Ganze nayo ipewe, maana sasa imo ndani ya eneo 0. Hapo ndipo wengi hukwama.

Itafanya kazi. Lakini maoni yangu ni haya: usiishie hapo!

Kwanza, jina linadanganya. Kiungo pepe hakiongezi njia hata moja. Data ya Bamba bado inapita kwenye mlingoti ule ule wa Ganze. Kiungo cha Kilifi na Ganze kikikatika, cha pepe nacho kinakufa, na muuguzi wa Bamba anarudi kwenye daftari.

Pili, maeneo matatu ya nini kwa ruta sita? Maeneo yalibuniwa kuzipunguzia ruta mzigo wa hesabu. RFC 2328, inayoeleza OSPF toleo la 2, ni ya mwaka 1998, na ruta ndogo za leo hazitoki jasho kwa mtandao wa ukubwa huo. Weka zote eneo 0, tatizo limekwisha.

Tatu, nguvu uliyookoa ipeleke kwenye njia ya pili ya kweli. Barabara ya Mariakani hadi Bamba ipo. Kiungo cha redio upande huo kikiungwa na eneo 0, OSPF itahama yenyewe Ganze ikizimika.

Sikatai, kiungo pepe kina mahali pake: mitandao miwili inapounganishwa, au uti wa mgongo unapokatika vipande viwili. Kiwe cha muda tu. Na sisi waandika programu tunajua "ya muda" ilivyo na tabia ya kuzeeka kazini.

Haya, ukikuta amri hiyo kwenye ruta yako, muulize fundi: itaondoka lini?