Fani ya kitabu haiishii kwenye lugha

Na Rehema Kombo

Mwanafunzi wa sekondari anayechambua riwaya au diwani huulizwa maudhui na fani. Kwenye fani atataja muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, na akifika hapo amejibu swali. Hakuna anayemuuliza kwa nini shairi limepangwa hivyo ukurasani, kwa nini mchoro umetangulia tukio badala ya kulifuata, au kwa nini pembezoni pameachwa peupe. Anamaliza shule akijua kueleza kitabu kinasema nini, bila kuwahi kukitazama. Ninashikilia kwamba somo hilo limeachwa nusu. Kitabu kinatengenezwa kwa maneno, picha na umbo, na vitatu hivyo vinapofanya kazi pamoja vinatoa maana ambayo hakuna kimojawapo kingeitoa peke yake. Kumfundisha mtu kusoma ni pamoja na kumfundisha kuiona kazi hiyo.

Ushahidi wa kwanza uko kwetu wenyewe. Ubeti wa utendi una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachopita utendi mzima, tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Vitabu vya leo hupanga vipande hivyo kimoja chini ya kingine. Katika miswada ya kale ya pwani, iliyoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ubeti mzima mara nyingi uliandikwa kwenye mstari mmoja, na vipande vikatengwa kwa alama au pambo dogo. Tazama matokeo yake. Maandishi ya Kiarabu huanzia kulia na kuishia kushoto, kwa hiyo kile kina kinachopita utendi mzima hujipanga safu moja upande wa kushoto, kuanzia juu ya ukurasa hadi chini. Jicho linakiona kwa mara moja kile ambacho sikio hukingoja ubeti baada ya ubeti. Tulipohamia herufi za Kilatini na mitambo ya kuchapa, hatukupoteza neno hata moja, lakini safu ile ilitawanyika: kina kikuu kikawa mstari wa nne tu kati ya mistari iliyolingana. Leo mwanafunzi hukariri kanuni hiyo kutoka kwa mwalimu, ilhali ukurasa wenyewe ungemfundisha.

Waliotengeneza miswada hiyo walijua walichokifanya. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa kunakili na kujalidi vitabu, na misahafu iliyoandikwa huko kati ya karne ya 18 na ya 19 ina mapambo ya rangi nyekundu, nyeusi na manjano yanayomwongoza msomaji ndani ya maandishi. Karatasi iliagizwa kutoka ng'ambo. Ustadi ulikuwa wa wenyeji. Huko Lamu, Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa khati, mwanamuziki na mchonga milango. Mkono uliotia nakshi kwenye mbao ndio uliopamba kurasa za tenzi. Kwa mtu kama huyo, swali la wapi ushairi unaishia na wapi sanaa ya ukurasa inaanzia lisingekuwa na maana. Mgawanyo tunaouchukulia kuwa wa kawaida, kwamba mmoja anatunga, mwingine anachora na wa tatu anapanga kurasa bila kuonana, ni utaratibu wa kiwandani, nao hauna umri mrefu kwetu.

Kwingineko pia wako waliokataa kuutenganisha ufundi huo. Mwaka 1789, huko London, William Blake alitoa mashairi yake ya Songs of Innocence kwa njia aliyoibuni mwenyewe: aliandika maneno na kuchora picha kwenye bamba lilelile la shaba, akachapa, kisha kurasa zikatiwa rangi kwa mkono, mkewe Catherine akisaidia. Anayesoma mashairi hayo yakiwa yamenakiliwa kwenye kitabu cha mtihani amekutana na nusu ya kazi. Mfano ulio wazi zaidi ni wa kitabu cha watoto, The Very Hungry Caterpillar cha Eric Carle, kilichotoka mwaka 1969. Kiwavi anakula tunda moja Jumatatu, mawili Jumanne, hadi matano siku ya Ijumaa. Kurasa za siku hizo hazilingani upana: wa Jumatatu ni mwembamba kuliko yote, na zinazofuata zinaongezeka kadiri matunda yanavyoongezeka. Kila tunda lina tundu halisi lililotobolewa kwenye karatasi, na mtoto anaweza kupenyeza kidole mahali alipopita kiwavi. Hesabu, siku za wiki na ukuaji vyote vinafundishwa na karatasi. Maneno hayo yakisomwa redioni, msikilizaji atapata hadithi lakini hatapata kitabu.

Wapo watakaouliza, na wana haki ya kuuliza, tunawezaje kuzungumzia sanaa ya kitabu wakati kuna madarasa ambako wanafunzi kadhaa wanainamia nakala moja. Swali ni zito, ila linachanganya sanaa na anasa. Carle alieleza kwamba wazo la kitabu chake lilimjia alipokuwa akitoboa rundo la karatasi kwa kifaa cha kawaida cha ofisini. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa mara tatu na kupasuliwa katikati inakuwa kijitabu cha kurasa nane, bila gundi wala uzi. Mwanafunzi atakayeandika kisa kifupi ndani yake atalazimika kuamua ni neno gani lisubiri hadi ukurasa ufunuliwe, picha iseme nini ambacho maneno hayajasema, na wapi pasiwekwe kitu. Hilo ni somo kamili kwa bei ya karatasi moja. Tena uhaba wenyewe unaongeza uzito wa hoja hii: nakala inayotumiwa na wengi ndiyo inayopaswa kuwa na herufi zinazosomeka kutoka pembeni, michoro inayoeleweka na mshono unaostahimili.

Wengine watasema kitabu ni maneno, na kwamba Kusadikika ya Shaaban Robert inabaki kuwa Kusadikika hata kwenye karatasi duni. Ni kweli kwa kiasi. Riwaya huvumilia mengi kuliko ushairi au kitabu cha mtoto, na mchoro unaorudia tu kile kilichokwisha kuandikwa ni afadhali usiwepo. Lakini kinachovumilia nacho huumia. Mistari ikibanana, msomaji mchanga hupotea njia na kudhani kosa ni lake. Wala simu haituondolei wajibu huu. Kioo cha simu nacho ni ukurasa: kina upana, ukubwa wa herufi na mpangilio ulioamuliwa na mtu, na kinaweza kuukata ubeti mahali ambapo mshairi hakuukata. Asiyefunzwa kuutazama ukurasa wa karatasi hatautambua uharibifu huo kwenye simu.

Gharama ya pengo hili tunailipa tayari. John Kilaka, Mtanzania anayechora kwa mtindo wa Tingatinga, ametunga na kuchora vitabu vya watoto ambamo picha na hadithi haviachani. Vitabu vilivyomjulisha kimataifa vilitolewa kwanza Uswisi, kwa Kijerumani. Wachapishaji wa nyumbani wasibebeshwe lawama yote, kwani wanauza katika soko lililozoezwa kupima kitabu kwa mtihani, na soko hilo hujengwa darasani. Kwa hiyo Taasisi ya Elimu Tanzania na KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, ziingize ukurasa, picha na umbo katika vipengele vya fani. Mwanafunzi alinganishe ukurasa wa mswada wa utendi na chapa ya leo, na kila mtoto atengeneze kijitabu chake kabla ya kumaliza shule ya msingi. Wachapishaji nao waweke jina la mchoraji jaladani, kando ya la mwandishi. Hatua hizi hazidai fedha nyingi. Zinadai tukubali kwamba kila ukurasa ni matokeo ya maamuzi ya watu, na kwamba maamuzi hayo yanaweza kusomwa, kusifiwa na kukosolewa sawasawa na sentensi.