Muuguzi wa Kesho Asisubiri Semina ya Mfadhili

Makamanda, tukizungumzia afya huwa tunakimbilia majengo. Zahanati gani haijaisha, kituo kipi hakina umeme, dawa zipi zimekwisha. Ni hoja za haki na tuendelee nazo. Leo naomba tumwangalie mtu anayesimama ndani ya hilo jengo, tena kabla hajaajiriwa: mwanafunzi wa uuguzi. Mimi nasoma sheria, ila nyumbani ni Mpanda, na hili jambo linatugusa hata sisi wa sheria.

Tuanze na takwimu za serikali yenyewe, wasije wakasema tunazusha. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/23 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU. Kati yao, waliokuwa wanajua hali zao ni asilimia 82.7 tu. Lakini kati ya wanaojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na kati ya walio kwenye dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Soma hizo namba tena. Dawa zinafanya kazi. Tunakopotezea watu ni mlangoni, kabla hawajapima. Na pale mlangoni anayekaa ni muuguzi.

Sasa njoo Katavi. Utafiti wa afya ya uzazi wa 2015/16 uliuweka mkoa wetu wa kwanza nchini kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Binti kama huyo wa Mishamo au Mpimbwe, mara nyingi kipimo chake cha kwanza cha VVU ni kule kliniki ya wajawazito. Akipokelewa kwa kufokewa, "umri huu mimba ya nini?", harudi. Na asiporudi, anayelipa ni mtoto. Bila hatua yoyote, mama mwenye VVU ana uwezekano wa asilimia 15 hadi 45 wa kumwambukiza mwanawe. Huduma ikifuatwa vizuri, unashuka chini ya asilimia 5. Tofauti hiyo inaanzia kwenye mdomo wa muuguzi.

Sheria ipo. Tuna Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008, inayolinda siri ya mgonjwa na kukataza unyanyapaa. Mwaka 2019 Bunge liliirekebisha, umri wa kuridhia kupima ukashuka kutoka miaka 18 hadi 15, na kujipima mwenyewe kukaruhusiwa. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu. Lakini muuguzi asiyefundishwa haya atamwambia binti wa miaka 16, "nenda kamlete mama yako kwanza." Hapo Bunge limetunga sheria ya kabatini.

Halafu kuna usalama wa mwanafunzi mwenyewe. Rafiki yangu mmoja anayesoma uuguzi alijichoma sindano akiwa kwenye mazoezi wodini. Alinyamaza mpaka kesho yake, akiogopa kugombezwa na msimamizi. Yaani hofu yake ya kwanza ilikuwa ukali, sio VVU! Hatari ya kuambukizwa kwa sindano yenye damu ya mwenye VVU ni kama watu 3 kwa 1,000, na dawa kinga ipo: inaanzwa mapema iwezekanavyo, isizidi saa 72, na inamezwa siku 28. Mwanafunzi anatakiwa kulijua hilo kabla hajashika sindano ya kwanza.

Mtu atasema, "mbona VVU imo kwenye mitaala?" Ni kweli, imo. Swali langu ni la vitendo. Kujibu mtihani kuhusu ushauri nasaha ni jambo moja, kukaa na mtu anayelia baada ya kupewa majibu ni jambo lingine kabisa. Ujuzi huo wa pili tumezoea kuwaachia wafadhili na semina zao, baada ya mtu kuajiriwa. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90, na nchi nyingi zilizotegemea PEPFAR tangu 2003 zikatetemeka. Somo la chuoni linalolipiwa na bajeti yetu haliwezi kufutwa kwa saini ya Washington. Na serikali iliyoahidi kule Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya haina pa kujificha.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Kwanza, Baraza la Uuguzi na Ukunga na NACTVET wahakikishe hakuna anayemaliza chuo bila kukaa kliniki ya tiba na matunzo na ya wajawazito, akipimwa kwa vitendo. Pili, sheria ya UKIMWI ifundishwe kwa mifano ya wodini. Sisi wanafunzi wa sheria tuko tayari kujitolea likizo. Tatu, kila hospitali inayopokea wanafunzi ibandike ukutani hatua za kufuata ukijichoma, dawa kinga iwepo usiku na mchana, na anayetoa taarifa asifokewe.

Na wewe unayesoma hapa usiishie kubonyeza "napenda". Baraza la madiwani likikaa, iwe Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe au Tanganyika, nenda kasikilize. Kisha mfuate diwani wako umuulize: mwaka huu halmashauri imetenga shilingi ngapi, za kwetu wenyewe, kwa ajili ya VVU? Akijibu kwamba wafadhili watatoa, tumeshajua pa kuanzia.