Ampu Kulia Si Kupona

Wasee, niwaulize kitu: mara ya mwisho fundi alikurudishia ampu, ulijuaje imepona? Wengi wetu tunaweka wimbo, besi inagonga, tunalipa, tunaenda. Mimi nasema hiyo si kupima.

Nimejua hivyo kwa aibu. Nilitengeneza ampu ya kanisa dogo hapa Free Area, Nakuru. Transista moja ya mlango wa kuingiza sauti ilikuwa imekufa, nikaweka nyingine niliyokuwa nayo kwa droo. Ikalia. Kila nikiiwasha spika ilikuwa inafanya "dup!" nikadhani ni kawaida. Jumapili ya tatu spika ikanuka moshi. Ilikuwa imenunuliwa kwa mchango wa waumini. Mama mweka hazina hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, si ulituambia iko sawa?"

Nikachukua mita, kitu ningefanya mapema. Kwenye tundu za spika, bila muziki wowote, kulikuwa na volti 9 za DC. Kwa spika ya omu 8, hizo ni kama wati 10 za joto tupu, hata watu wakiwa kwa maombi ya kimya.

Zilitoka wapi? Ampu nyingi huanza na transista mbili zinazofanya kazi kama mizani: moja inapokea sauti, nyingine inapokea sampuli ya kile kinachotoka, halafu tofauti yao ndiyo inakuzwa. Zisipofanana, mizani inalala upande mmoja hata kama hujaweka kitu. Yangu haikufanana na mwenzake. Tena kapasita inayozuia kosa hilo la DC lisikuzwe ilikuwa imevuja. Kwa hivyo tofauti ya volti 0.3 ikazidishwa mara 30.

Dawa haikuwa spika mpya. Nilipima transista kadhaa za aina moja, nikachagua mbili zinazokaribiana, nikazifunga zikigusana ili zipate joto sawa. Transista hubadilika kama milivolti 2 kwa kila digrii moja, na mnajua Nakuru asubuhi ni sweta, saa nane ni jua kali. Nikabadilisha ile kapasita pia. Mita ikasoma milivolti 18.

Kuna mafundi husema haya ni mambo ya darasani, mteja anataka sauti tu. Nawaelewa. Mteja anataka bei ya chini na anataka kazi leo. Lakini kipimo hiki ni dakika chache: toa spika, usiweke muziki, weka mita kwa DC, washa, ngoja ipate joto, soma. Mimi nikiona chini ya milivolti 50, nalala. Ikipita 100, natafuta chanzo. Wengine hufunga kapasita kubwa mbele ya spika wakamaliza. Spika inapona, sawa, lakini mizani bado imelala.

Kwa hivyo ombi langu ni moja. Fundi, andika hiyo nambari kwa risiti. Mteja, iulize kabla hujalipa. Spika ya kanisa niliilipa mimi, kidogo kidogo. Siku hizi yule mama akiniona na ampu haniulizi kama inalia. Ananiuliza, "Imesoma ngapi?"