Masizi ndani ya Prius

Toyota Prius ya kizazi cha tatu, iliyoanza kuuzwa mwaka 2009, ina maradhi ambayo familia inayonunua gari lililotumika yafaa iyajue. Injini yake ya lita 1.8 hurudisha sehemu ya moshi kwenye silinda ili kupunguza joto la uchomaji. Moshi hupita kwenye kipozeo, vali na matundu membamba ya manifoldi, na kote huko huacha masizi. Njia ikiziba, joto huzidi, na hatimaye gasketi ya hedi huweza kuungua. Hapo maji huchuruzika usiku ndani ya silinda, na asubuhi injini hutikisika inapowashwa. Gari likifikia hali hiyo, kusafisha pekee hakuliponyi.

Kabla ya hapo, fundi asitosheke na vali kwa kuwa ni rahisi kufikiwa. Kipozeo nacho kifunguliwe na kilowekwe katika dawa ya kuondoa masizi.

Anayeijua kasoro hii, kisha akaipasha injini moto kabla mnunuzi hajafika, ameficha aibu ya bidhaa, na sharia humpa mnunuzi khiyari ya kulirudisha gari. Basi mnunuzi naye aende alfajiri, na aombe lisiwashwe kabla yake.